Kigoda cha Mwanzo

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Pampu imewashwa saa nane mchana, nami nimewashwa pamoja nayo. Ndiyo maisha yangu siku hizi. Jenereta ya shule inapovuta maji kutoka bondeni, stoo inapata umeme, na stoo ndiko iliko kompyuta. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Tangi likijaa, jenereta inazimwa. Petroli ni ya maji tu, bodi ya shule imesema.

Leo kompaila imekubali neno rudia. Niliandika: rudia mara kumi, andika "Ihanda", jina la hapa kwetu. Skrini ikajaa Ihanda, moja chini ya nyingine. Nilipiga meza nikaumia kiganja.

Anselmi wa fizikia aliingia kuuliza kelele ni za nini. Akauliza tena kompaila ni kitu gani, mara ya ngapi sijui. Nimemwambia: wewe unaandika maneno ya kibinadamu, mashine inafuata namba tupu, kompaila ni programu inayosimama katikati na kugeuza maneno kuwa namba. Za wazungu zinasoma Kiingereza. Yangu inasoma Kiswahili, ili wasichana wangu wa kidato cha tatu waache kuiogopa mashine. Akasema basi ni mkalimani. Sawa, mkalimani. Aende zake.

Jumatano, 10 Septemba

Mkuu wa shule amerudi kutoka Bukoba na habari. Mradi uliotuachia kompyuta kambi za wakimbizi zilipofungwa unataka kujua tunaifanyia nini. Mgeni anakuja Ijumaa tarehe 3 Oktoba. Atawapa wasichana tatizo hapo hapo, walitatue wenyewe kwa mashine, mwalimu akae pembeni. Wakiweza, kompyuta inabaki. Wakishindwa, inakwenda shule ya mjini yenye umeme wa kudumu.

Kwanza nimeogopa. Halafu hasira. Halafu, sijui kwa nini, furaha. Sasa kuna siku. Kazi isiyo na siku hailiwi wala haiivi.

Ile mashine sitaitoa. Waje na kamba.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo ni siku kubwa, niandike yote.

Katika lugha yangu programu imegawanywa vipande, na kila kipande kina jina lake. Kipande nakiita kazi. Kuna kazi moja lazima iitwe mwanzo, hiyo ndiyo inayoongoza. Mwanzo inaweza kuita kazi nyingine, tuseme eneo, iliyoandikwa huko chini. Tatizo: kompaila inasoma kuanzia juu. Inakuta eneo inaitwa wakati haijajua eneo iko wapi. Inamwelekeza mtu kwenye nyumba ambayo haijajengwa.

Nimelala nalo siku tatu. Leo nimepata. Naacha tundu. Pale panapotakiwa anwani ya eneo naacha nafasi tupu, na kwenye jedwali la majina naandika: hapa kuna tundu, linamsubiri eneo. Kompaila inaendelea kusoma. Ikifika kwenye eneo yenyewe na kujua anwani yake, inarudi nyuma kuziba tundu.

Nimejaribu. Imeziba. Imeziba yote. Nilitoka nje nikazunguka tangi la maji kama mwehu. Wasichana waliokuwa wanachota maji wakanisalimia shikamoo Madam kwa sauti ya watu wanaozuia kicheko. Wacheke.

Jumapili, 14 Septemba

Ibada. Mchungaji ameongoza maombi ya mvua. Ardhi imekauka, maharage yamekaa ndani ya magunia yanasubiri kupandwa, migomba imenyong'onyea. Kanisa zima likasema amina.

Mimi nilifumba mdomo. Mvua ikinyesha, maji ya mabati yanajaza tangi. Tangi likijaa, hakuna pampu. Bila pampu hakuna kompyuta. Mungu anisamehe, ila mpaka tarehe 3 mimi na wakulima wa Ihanda hatuombi kitu kimoja.

Baba alikaa karibu nami. Ameona sikuitikia. Yeye si mtu wa kuuliza, alinisogezea tu kitabu cha nyimbo.

Jumatatu, 15 Septemba

Wasichana wameanza kuandika programu zao. Raha isiyo na kifani. Hawaulizi tena neno hili maana yake nini, wanagombana kuhusu hesabu yenyewe. Nimesimama ukutani nikajisikia tajiri.

Adela peke yake hakubahatika. Huyu ni binti kutoka Kaisho, mkimya na mkaidi, mkulima kabisa. Ameandika programu ya kujua kibanja cha urefu huu na upana huu kinachukua miche mingapi ya migomba. Nimeisoma mstari kwa mstari. Haina kosa. Kompaila imeikubali bila kulalamika. Tukaiendesha.

Kimya. Haikuandika kitu. Haikugoma wala mashine haikuganda. Ilirudi tu kwenye skrini tupu kama mtu aliyeingia dukani akatoka bila kununua.

Adela aliniangalia. Nikamwambia ni la kwangu, si la kwake. Nilisema kwa ujasiri ambao sikuwa nao.

Jumatano, 17 Septemba

Kimya kile kile. Nimeendesha programu ya Adela mpaka nimechoka hoi.

Halafu, pampu ikikaribia kuzimwa, nikaweka programu yake kando ya moja ya zangu nikatazama. Tofauti ni moja tu. Mimi naandika mwanzo juu kabisa, kazi nyingine zinafuata. Adela ameanza na eneo, halafu miche, na mwanzo ameiweka chini kabisa. Nikaipandisha mwanzo juu. Ikaendeshwa. Miche ikahesabiwa.

Nimeelewa na nimetaka kulia na kucheka. Mashine haijui kwamba kuna kazi inayoitwa mwanzo. Majina ni mambo ya kompaila, mashine haina habari nayo. Yenyewe inaanza na kilichokaa juu kabisa ya faili, basi. Kwa Adela juu alikaa eneo. Mashine ikamfuata eneo, akazidisha takataka alizozikuta, akamaliza, akageuka kurudi kwa aliyemwita. Hakuna aliyemwita. Mfumo ukadhani programu imekwisha, ukafunga. Mwanzo alikuwa ameketi chini na maneno yake yote mdomoni, hakuna aliyemfikia.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Programu inamalizika kabla haijaanza.

Na kwa nini sikuliona muda wote huu? Kwa sababu ya malezi. Kwetu mkubwa anatangulia. Kuingia nyumbani, kunawa, kukaa, kila kitu. Haikunijia hata mara moja kumwandika kiongozi chini ya watoto. Programu zangu zote za majaribio zina adabu za nyumbani kwetu, kwa hiyo zote zilipona.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimejaribu njia ya mkato. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWANZO JUU. Nimewachorea mstari chini yake.

Nusu ya darasa wameandika chini. Si ubishi. Wameanza kufikiri, wakaandika vipande vidogo kwanza, mwisho wakaviunganisha. Nimemuuliza Adela, kwa upole, kwa nini. Akasema, Madam, huwezi kupika kabla hujamenya.

 Ana haki. Siwezi kukaa nyuma ya kila mmoja siku ya mgeni, na mgeni amesema nikae pembeni.

Anselmi amecheka sana. Anasema kompaila yangu imelelewa na baba yangu, haipokei mtu asiyejua nani atangulie. Nimemwambia akafundishe mawimbi yake. Lakini maneno yake yameniuma kwa kuwa ni kweli. Kosa ni la mkalimani, wasemaji hawana kosa. Lazima kompaila imtafute mwanzo popote alipo.

Jumatatu, 22 Septemba

Jaribio la pili. Kompaila isome faili lote kwanza, itafute neno mwanzo, ikate kipande hicho ikibandike juu, halafu ndiyo ianze kazi. Nimeandika asubuhi kwenye karatasi kipindi changu kilipokuwa wazi, mchana nikaingiza.

Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nilikuwa nimeanza kuimba.

Ya tatu ilikuwa ya msichana aliyeandika programu itangulize maneno "Karibu, huu ni mwanzo wa kibanja chetu". Kompaila imekuta neno mwanzo ndani ya salamu yake, imenyofoa nusu ya salamu ikaipachika juu kama mfalme. Ilichotoa sitaki hata kukiandika humu.

Nimefuta yote. Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Kutafuta herufi si kumjua mtu. Hata kasuku anaweza kutafuta herufi.

Jumatano, 24 Septemba

Mawingu upande wa Rwanda. Watu wanayaangalia kwa mapenzi. Mimi nayaangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekuja bila taarifa.

Pampu iliwashwa, nikakaa mbele ya skrini, sikuandika hata mstari mmoja. Siku ya bure.

Ijumaa, 26 Septemba

Kesho ni posa ya mdogo wangu Deo, huko Kaisho. Familia nzima inakwenda. Nimeambiwa niache sura ya mtihani nyumbani. Nitajaribu.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimerudi sasa hivi. Sijavua hata viatu. Nina furaha, na nina aibu niliyomwonea Baba. Niandike kwa mpangilio nisije nikapoteza.

Tulikwenda kwa pikapu, tumebanana na mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakwe watarajiwa ni watu ambao wazee wao walihamia kutoka Rwanda zamani sana, kabla hatujazaliwa. Watu wa taratibu. Mwenye nyumba ni Mzee Karoli. Alitupokea kwenye irembo, pale kwenye njia ya kuingilia uani, akatusalimia mmoja mmoja.

Ndani wamepanga mikeka na viti. Mbele kabisa, karibu na mlango, wameweka kigoda kimoja kitupu. Baba, kama kawaida yetu, aliingia wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Akaona kigoda kiko mbele. Akakaa. Hakuna mtu wa kwetu aliyeshtuka. Kwetu ndivyo inavyokuwa.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Felisiani. Ndiye tuliyemtuma, maneno yote anayo yeye. Lakini Felisiani alibaki nyuma kuegesha pikapu, akaingia wa mwisho, akajibana penye mlango wa nyuma pamoja na shangazi zangu.

Tukapewa kahawa ya kutafuna. Kisha Mzee Karoli akamgeukia aliye kwenye kigoda, akamuuliza kwa heshima tumewafikia na neno gani.

Baba si mtu wa maneno. Hata kuomba chumvi anaonyesha kwa kidole. Akasema tumefika salama. Akasema huko tulikotoka wote hawajambo, ila mvua. Akashukuru kwa kahawa. Akanyamaza.

Mzee Karoli akasubiri. Baba akatazama mkeka. Mzee Karoli akaitikia kwa kichwa, akashukuru Mungu kwa wageni waliokuja kumsalimu, akaagiza chakula, na akawaambia vijana watusaidie kupakia mitungi yetu kwenye gari wakati wa kuondoka.

Deo akawa na jasho mpaka kwenye kola. Posa yake imekwisha na haijaanza.

Na mimi, mbele ya wakwe, nikacheka. Sikuweza kujizuia. Shangazi alinifinya paja mpaka sasa pana alama. Lakini niliiona. Ilikuwa programu ya Adela imevaa kanzu na koti. Aliyekaa juu ndiye aliyeulizwa, akajibu alichokuwa nacho, akamaliza, mlango ukafungwa. Mwenye maneno amekaa chini, hakuna aliyemwita.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa upande wao, mama yake Mzee Karoli. Alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba kigoda kile si cha aliyetangulia kuingia. Kwao kinaachwa wazi. Wageni wanaingia wote, kwa mpangilio wowote, wanakaa popote. Wakishatulia, wenyeji wanauliza jina la msemaji. Linatajwa, na mwenye jina anatoka popote alipokaa, hata kama ni jikoni, anakuja kukalia kigoda. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Akatuuliza: msemaji wenu anaitwa nani?

Shangazi akasema, Felisiani.

Baba aliinuka taratibu. Sijawahi kumwona mdogo namna ile. Felisiani akatoka kule nyuma akiruka miguu ya watu, akakaa, akakohoa, akaanza. Maneno mazuri sana, naambiwa. Mimi sikusikia hata moja. Jibu watatupa, lakini nyuso zao zilikuwa nzuri.

Mimi nilikuwa naangalia kigoda.

Hawakumtafuta msemaji kwa kuangalia nani yuko mbele. Hawakupita wakikagua sura pia. Waliacha nafasi tupu, wakangoja wote waingie, wakaita jina. Tundu! Ni tundu lile lile langu. Natakiwa kuweka juu kabisa ya faili amri moja tu, kabla ya kazi yoyote: ruka uende kwa mwanzo. Na anwani ya mwanzo niiache wazi. Kompaila isome faili lote, kila kazi inapopita jina lake na mahali pake viingie kwenye jedwali. Mwishoni kabisa iulize jedwali, mwanzo yuko wapi? Irudi juu, izibe tundu. Basi. Imekwisha.

Mwanzo si mfalme. Ni jina kama majina mengine, tofauti ni kwamba anayemwita yuko nje ya programu. Na mimi dawa ya kumwita mtu ambaye bado hajafika ninayo tangu tarehe 12! Nilikuwa na ufunguo mfukoni nikihangaika na dirisha.

Silali leo. Yaani nitalala, ila nikicheka.

Jumapili, 28 Septemba

Kabla ya ibada nimeiandika yote kwenye karatasi. Ni fupi. Inanichekesha jinsi ilivyo fupi. Nimeongeza lalamiko: kama faili limekwisha na mwanzo hayumo kwenye jedwali, kompaila iseme, "Hakuna mwanzo. Nani aanze?" Na wakiwa wawili iseme, "Wasemaji ni wawili. Chagueni mmoja."

Baba hakuja kanisani. Amejificha kibanjani kwake tangu jana. Watu wa ukoo wanasimulia habari ya kigoda kila mahali na kuitia chumvi. Nimewagombeza wawili.

Saa kumi mvua ikaanza. Si manyunyu. Mvua ya kweli, ya kumwaga. Watoto wametoka nje kuoga. Majirani wanapiga vigelegele.

Nimekaa dirishani nikiwa na karatasi yangu, nasikia mabati yakijaza tangi.

Jumatatu, 29 Septemba

Tangi linafurika. Hakuna pampu. Nimemwendea mkuu wa shule, nimemsihi. Ni mama mwelewa, lakini amesema bodi ni bodi, petroli haiwashwi kama maji yapo. Siku ya mgeni tu ndiyo ameruhusiwa kuwasha, maji yawepo yasiwepo.

Lakini nikiingiza mbele ya mgeni nitakuwa nimechelewa. Kitu hakijawahi kujaribiwa. Kikikosea alama moja, imekula kwetu. Nahitaji saa chache tu kabla ya Ijumaa. Saa chache tu!

Anselmi amependekeza nitoboe tangi. Alidhani anatania. Mimi nimefikiri juu yake kipindi kizima cha milinganyo.

Jumanne, 30 Septemba

Hakuna kutoboa. Nimefua.

Asubuhi kwenye mstari niliwatangazia wasichana kwamba bweni linanuka, na kwa kweli linanuka, vumbi la kiangazi chote limo kwenye blanketi. Jua limetoka, maji yapo, wafue kila kitu. Shuka, blanketi, mapazia, sare. Wakamaliza wakasugua sakafu za madarasa. Wakamaliza wakaosha madawati. Wakamaliza wakaogesha ng'ombe wa shule, ambao hawakuomba.

Walijua. Adela alipita na ndoo mbili akaniambia bila kutabasamu kwamba tangi limeshuka chini ya nusu. Wameimba siku nzima.

Mkuu wa shule alitoka ofisini akatazama blanketi zilizoanikwa kwenye kila uzio, akatazama tangi, akanitazama mimi. Nikasubiri kufokewa. Akaenda nyumbani kwake akarudi na shuka zake.

Jumatano, 1 Oktoba

Pampu saa nane!

Nimeingiza kwa vidole vinavyogongana. Jaribio la kwanza mashine iliganda kabisa, nikawasha upya. Nilihesabu vibaya: kuruka kunapimwa kuanzia baada ya amri yenyewe, mimi nilipima kuanzia kabla yake, kwa hiyo ilitua ndani ya mwili wa kazi badala ya mlangoni. Nikasahihisha.

Nikaleta programu ya Adela kama alivyoiandika ile siku ya kwanza. Eneo juu, miche katikati, mwanzo chini kabisa. Sikugusa herufi.

Imejibu. Miche ikatokea kwenye skrini, mstari mzima.

Nikaleta ile ya "mwanzo wa kibanja chetu". Imejibu, salamu nzima haina jeraha. Kompaila sasa inajua tofauti ya kazi iliyopewa jina na neno lililomo ndani ya salamu, maana jedwali linapokea majina ya kazi tu. Nikapanga vipande ovyo, juu chini, chini juu. Zote zimejibu.

Sikupiga meza. Nimekaa tu nimeshika mdomo. Kisha nikatoka nikamkumbatia Anselmi, ambaye alikuwa amebeba mzani na nusura auangushe. Ameahidi kutomwambia mtu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mgeni njoo mwenyeji apone. Amekuja mapema, mama wa makamo kutoka Bukoba, mpole, miwani kwenye kamba. Jenereta ikawashwa. Nikaambiwa nikae pembeni, nikakaa, nimebana mikono katikati ya magoti.

Tatizo lake: shamba la kahawa lenye pembe nne, nafasi kati ya mche na mche inajulikana, mistari miwili ya pembezoni ni ya migomba. Miche mingapi ya kahawa? Akachagua wasichana watatu mwenyewe, Adela akiwemo, akasema kila mmoja aandike kipande chake kwenye karatasi bila kuwaonyesha wenzake, halafu waviunganishe.

Sijui kama alijua anafanya nini. Hiyo ndiyo njia ya kupata mpangilio wa hovyo kuliko wote. Wiki mbili zilizopita ningezimia.

Wakaingiza, mmoja baada ya mwingine. Wakaita kompaila.

Skrini ikaandika: "Hakuna mwanzo. Nani aanze?"

 Nikataka kuinuka, mgeni akaninyooshea kiganja.

Wasichana wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye ameandika mwanzo. Kila mmoja alikuwa ameandika msaidizi. Kisha wakaanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyejikuta ametoka nyumbani na ndoo bila kata. Hawakunitazama mimi hata mara moja. Walisoma swali walilolielewa, kwa lugha yao, wakalijibu. Adela akasema mimi naanza. Akaiandika mwanzo hapo hapo, chini kabisa, mahali anapopapenda.

Ikajibu.

Mgeni akahesabu kwa kalamu kwenye kiganja chake. Akahesabu tena. Akasema ni sahihi. Kisha akauliza nani amefundisha mashine kuuliza swali kama lile. Wasichana wote wakanionyesha kwa kidole, tabia mbaya kabisa, na sikuwakemea.

Inabaki. Amesema mbele ya mkuu wa shule, mbele ya wote. Inabaki Ihanda.

Nimecheka, nimelia, nimekula sahani mbili za ndizi na maharage. Sina zaidi.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua tangu asubuhi.

Baba amekuja baada ya ibada. Ni mara ya kwanza anafika shuleni.  Nilimfungulia stoo. Hakuna umeme leo, mashine imelala chini ya kitenge changu cha zamani. Nikakiinua kidogo aone.

Aliitazama. Akauliza kigoda kiko wapi. Nadhani Anselmi amemsimulia.

Nikamwonyesha karatasi, mstari wa juu kabisa, na ile nafasi niliyoacha wazi. Akaweka kidole hapo. Akauliza kama mashine inajua atakayekaa. Nikamwambia haijui, Baba, inangoja wote waingie, ndipo jina linaitwa. Nikamwambia pia kwamba bila yeye kukalia kile kigoda nisingeona kitu.  Bila kuinua kidole chake pale, akaniambia watu wa Kaisho wamekubali, tunarudi mwezi ujao, na safari hiyo yeye ataingia katikati.

Nimemsindikiza hadi barabarani. Anasema maharage yameanza kutoboa ardhi.

Tangi limejaa. Kesho hakuna pampu, pengine wiki nzima. Nimerudisha kitenge, nimefunga stoo, nimekaa kibarazani nasikiliza mabati.

Sasa inyeshe.